Mpende kabla hajapona: Mtoto mwenye kifafa nyumbani na kanisani

Mtoto anapoanguka kifafa katikati ya ibada, watu hugawanyika haraka. Wapo wanaosogea mbali na kuwavuta watoto wao. Wapo wanaomkaribia kwa sauti kubwa, wakikemea. Na yupo mtu mmoja, mara nyingi mama yake, anayepiga magoti sakafuni kuzuia kichwa cha mwanawe kisigonge benchi, huku akivuta kanga kufunika nguo iliyolowa mkojo.

Dakika mbili tatu baadaye mtoto hufumbua macho. Amechoka, kichwa kinamuuma, hakumbuki lililotokea. Anachokiona ni nyuso zilizomzunguka. Jumapili inayofuata hataki kwenda kanisani, na wazazi nao hawamlazimishi. Taratibu familia inaanza kusali nyumbani, kisha inatoweka kabisa kwenye jumuiya, na wachache ndio wanaouliza imekwenda wapi.

Wakristo hufundishwa kupokeana kama Kristo alivyowapokea wao. Paulo aliwaandikia hivyo Warumi, sura ya 15. Somo hilo ni jepesi pale mwenzako anapotofautiana nawe kwa kabila, lafudhi au mavazi. Huwa gumu pale tofauti hiyo inapomwangusha mtu mbele yako, macho yakageuka na povu likamtoka mdomoni. Hapo ndipo familia na kanisa hupimwa kama wanampenda mtu huyo, au wanampenda yule watakayempata akishapona.

Kifafa ni nini hasa

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kati ya chembe zake. Umeme huo ukivurugika ghafla, mwili hupoteza mpangilio kwa muda. Mtu anaweza kuanguka na kutetemeka mwili mzima. Anaweza pia kutetemeka mkono mmoja tu, au kuganda akikodoa macho kwa sekunde chache kama anayeota mchana. Mwalimu asiyejua humchapa mtoto wa namna hiyo akidhani hasikilizi. Hali hiyo ikijirudia bila sababu ya papo kwa papo, kama vile homa, ndipo daktari husema mtu ana kifafa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa duniani, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa mapema na kupata dawa zinazofaa. Hata hivyo, katika nchi maskini takriban robo tatu yao hawapati matibabu wanayohitaji.

Sababu ni nyingi. Mtoto anaweza kuwa alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliugua malaria kali iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Wengine waliumia kichwa katika ajali. Wengine walipata mabuu ya minyoo tegu yaliyoingia kwenye ubongo, ugonjwa unaohusiana na ufugaji wa nguruwe wanaozurura na ukosefu wa vyoo. Kwa wengine ni urithi, na kwa wengi sababu haijulikani hata baada ya vipimo.

Hapa inafaa kutenganisha mambo matatu ambayo wazazi huyachanganya. Degedege humpata mtoto mdogo mwenye homa kali, na wengi hawapati kifafa baadaye, ingawa degedege la muda mrefu au linalotokana na malaria kali linaweza kuacha athari kwenye ubongo. Kifafa cha mimba ni ugonjwa wa shinikizo la damu kwa mjamzito, nao ni dharura nyingine kabisa. Kifafa chenyewe hujirudia, na huhitaji dawa za kila siku kwa miaka.

Katika yote hayo hakuna kinachoambukizwa kwa kumgusa mgonjwa, wala kwa mate, mkojo au ushuzi wake.

Hofu iliyowaunguza watu

Sentensi hiyo ya mwisho ina historia nzito hapa nyumbani. Mwaka 1959 daktari kijana mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge, katika milima ya Ulanga mkoani Morogoro, eneo la Wapogoro lenye misheni ya Kikatoliki. Alikuta watu wengi wenye kifafa, na wengi wao walikuwa na makovu ya moto.

Sababu ya makovu hayo ilikuwa hofu. Watu waliamini kwamba anayemgusa mgonjwa akiwa ameanguka, au anayegusa mate na uchafu wake, ataupata ugonjwa. Kwa hiyo mtu alipoangukia kwenye mafiga, waliokuwapo walikimbia. Mgonjwa alikula peke yake kwenye chombo chake, akalala peke yake, na kuoa au kuolewa ilikuwa ndoto. Wanaomkimbia hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wazazi na ndugu walioogopa kwa ajili ya watoto wao wengine.

Daktari huyo alianzisha kliniki ya kifafa na kuwapa wagonjwa dawa ya phenobarbital, dawa ya bei nafuu inayotumika tangu mwaka 1912 na ambayo bado iko kwenye zahanati na hospitali zetu. Kwa wengi kuanguka kulipungua, na kwa baadhi kulikoma. Waliokuwa wametengwa walianza kurudi shambani na kwenye familia. Baadaye aliandika pia kuhusu watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kama wanaosinzia, hali ambayo miongo kadhaa baadaye ilionekana kwa wingi Uganda na Sudan Kusini.

Watafiti wa miaka ya karibuni wamehusisha wingi wa kifafa Mahenge na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Ndiyo maana mzazi anayeishi maeneo yenye usubi hapaswi kupuuza kingatiba ya ivermectin inapogawiwa kijijini.

Mahenge inatuonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa na madhara yake, na kukimbiwa kukaongeza mengine. Dawa ilipunguza ya kwanza. Ya pili yalihitaji mtu wa kusogea karibu.

Maandiko yanasema nini

Kwa Wakristo wanaosoma Biblia ya Kiswahili, swali gumu liko kwenye Injili yenyewe. Katika Mathayo 17 baba mmoja anamleta mwanawe kwa Yesu akisema ana kifafa, na kwamba mara nyingi huanguka motoni na majini. Habari inaendelea kwa kutolewa pepo. Kutokana na habari hiyo, wahubiri wengi wamehitimisha kwamba kila mwenye kifafa ana pepo.

Lakini Mathayo huyohuyo, katika sura ya 4, anapotaja watu walioletwa kwa Yesu, anawaorodhesha wenye pepo, wenye kifafa na waliopooza kama makundi tofauti. Mwandishi aliyeona haja ya kuyatenganisha hatupi ruhusa ya kuyachanganya. Na katika Yohana 9, wanafunzi walipotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, Yesu alikataa sehemu zote mbili za swali lao. Mama anayeulizwa alifanya nini akiwa mjamzito hata mtoto awe hivi, anaulizwa swali ambalo lilishakataliwa.

Tuirudie habari ya baba na mwanawe, safari hii tukiwatazama watu waliopo. Marko anasema wanafunzi walikuwa wakibishana na waandishi huku mtoto yupo. Yesu alipofika alimuuliza baba amekuwa hivi tangu lini, swali ambalo daktari yeyote wa kifafa huanza nalo, na akamsikiliza akieleza. Baba alikiri kwamba imani yake ina upungufu, wala hakufukuzwa kwa ajili hiyo. Mtoto alipolala kama maiti na watu wakasema amekufa, Yesu alimshika mkono. Luka anaongeza kwamba alimrudisha kwa baba yake.

Aliulizwa habari zake, akashikwa mkono, akarudishwa kwa wake. Hayo matatu yanaweza kufanywa na Mkristo yeyote, hata asiye na karama ya uponyaji.

Maombi na vidonge

Tatizo ambalo wahudumu wa afya hukutana nalo ni dawa kukatishwa. Mtoto amekaa miezi sita bila kuanguka, familia inaambiwa kwamba kuendelea na vidonge ni kukosa imani, na dawa zinatupwa. Wengine huziacha wenyewe kwa sababu zimeisha na nauli ya kwenda hospitali haipo.

Kuacha dawa za kifafa ghafla ni hatari. Ubongo uliokuwa umetulizwa unaweza kulipuka kwa mfululizo wa kuanguka kusikokatika, na hali hiyo inaweza kuua au kuacha ulemavu wa kudumu. Daktari ndiye huamua kupunguza, kwa kawaida baada ya miaka miwili au zaidi bila kuanguka, na hufanya hivyo polepole.

Kumwombea mtoto apone hakupingani na kumpa kidonge saa mbili usiku. Paulo alimshauri Timotheo kuhusu tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, wala hakumwambia kwamba imani yake ni ndogo. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, ukabaki, na hakuna aliyemtoa katika utume. Na miongoni mwa wenzake wa karibu alikuwepo Luka, anayetajwa katika Wakolosai 4 kuwa ni tabibu.

Hapa ndipo maneno "kumpenda alivyo" hueleweka vibaya. Wapo wanaodhani ni kukata tamaa: mwache alivyo, Mungu ndivyo alivyotaka. Huko ni kumtelekeza kwa lugha tamu. Wapo upande wa pili wanaompeleka mtoto kila mkutano wa maombezi, na kila asipopona hurudi naye wakiwa wamemkasirikia kidogo. Mtoto hulisoma hilo usoni mwa mzazi. Hujifunza kwamba yeye ni tatizo linalosubiri kutatuliwa, na kwamba sherehe ya kuwa naye itafanyika siku atakapopona.

Mtafutie matibabu kwa bidii zote, mwombee kwa bidii zote, na nafasi yake mezani isitegemee matokeo ya lolote kati ya hayo.

Kutoka Bethel hadi Lutindi

Historia ya kanisa ina mfano wa watu waliolijaribu hilo kwa vitendo. Mwaka 1867 Wakristo wa eneo la Bielefeld nchini Ujerumani walifungua nyumba kwa ajili ya watu wenye kifafa, ambayo baadaye iliitwa Bethel, yaani nyumba ya Mungu. Mwaka 1872 uongozi ulichukuliwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Yeye na mkewe walikuwa wamefiwa na watoto wanne ndani ya majuma mawili, mwaka 1869, kwa kifaduro.

Dawa za maana za kifafa zilikuwa chache mno wakati huo. Bethel haikuweza kuahidi kuponya. Iliwapa watu makazi, kazi, ibada na majirani, na kikakua kijiji kizima ambamo mwenye kifafa alikuwa mtu wa kawaida.

Upendo huo ulijaribiwa vikali wakati wa utawala wa Hitler. Sheria ya mwaka 1933 iliagiza watu wenye magonjwa kadhaa, kifafa kikiwemo, wafungwe uzazi kwa nguvu, na taasisi za kanisa zikiwemo za Bethel zilishiriki. Hilo ni doa lisilofutika. Mwaka 1940 serikali ilipotuma fomu za kuorodhesha wagonjwa, na ikajulikana kwamba wanaoorodheshwa wanauawa, mtoto wa mchungaji yule, naye akiitwa Friedrich, aliyekuwa ameshika uongozi, alikataa zisijazwe. Mwenzake, mchungaji Paul Braune, aliandika waraka wa kupinga mauaji hayo na akakamatwa na polisi wa siri. Hadi Agosti 1941 watu wapatao 70,000 walikuwa wameuawa katika mpango huo nchini humo.

Mauaji hayo yalitanguliwa na kauli kwamba mtu fulani ni mzigo. Mzazi anayesikia kauli hiyo ikisemwa kwa utani kwenye kikao cha ukoo ana haki ya kuikatiza hapohapo.

Wamisionari wa Bethel walifika pia kwetu. Lutindi, kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, kituo kilichoanza miaka ya 1890 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani kiligeuzwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Hadi leo kuna hospitali ya afya ya akili chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, ambako kazi za mikono na shamba ni sehemu ya matunzo.

Nyumbani: mlinde, usimfungie

Wazazi wengi, baada ya kuogopa sana, humfungia mtoto ndani. Asicheze, asiende shule, asitumwe dukani. Ulinzi wa namna hiyo humnyima maisha ambayo dawa zinampa nafasi ya kuyapata.

Yapo mambo machache yanayostahili tahadhari ya kweli. Moto ni la kwanza: jiko liinuliwe au lizungushiwe kinga, na asipike peke yake. Maji ni la pili: aoge kwa ndoo na kopo badala ya kuzama mtoni au kwenye beseni kubwa, na mlango wa bafu usifungwe kwa komeo. Kupanda miti, ngazi na kuendesha baiskeli barabarani visubiri hadi hali itulie.

Dawa zitolewe saa ileile kila siku. Weka kengele kwenye simu. Nenda kuchukua nyingine kabla za mwisho hazijaisha. Katika hospitali nyingi za wilaya, huduma ya kifafa hutolewa kwenye kliniki ya afya ya akili. Jina hilo lisikutishe wala lisikufanye udhani mwanao ni kichaa. Andika kwenye daftari tarehe ya kila kuanguka, muda uliochukua na kilichotangulia. Ukiweza, mwenzako arekodi tukio kwa simu ili daktari aone, lakini video hiyo isiende kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Binti anapokua, mpeleke azungumze na daktari kuhusu dawa anazotumia, kwa sababu baadhi, hasa sodium valproate, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiache mwenyewe, abadilishiwe na mtaalamu. Wenye kifafa huoa, huolewa na kuzaa.

Wakumbuke pia ndugu zake. Waeleze kwa lugha yao kinachotokea, wafundishe la kufanya, na watengee muda wao. Na baba asimwachie mama peke yake safari za kliniki na maneno ya mashemeji.

Kanisani: vitu vidogo vyenye uzito

Kukosa usingizi huchochea kuanguka. Kijana mwenye kifafa anayekesha kwenye mkesha wa Ijumaa yuko hatarini Jumamosi asubuhi. Kiongozi anayempenda atamwambia alale nyumbani bila kumfanya ajione mwepesi kiroho. Mfungo nao uzungumzwe na daktari, kwa sababu vidonge haviahirishwi.

Kwa makanisa yanayobatiza kwa kuzamisha, watu wawili wenye nguvu wasimame majini naye. Mwalimu wa shule ya Jumapili afundishwe huduma ya kwanza. Kwaya impokee, na akianguka siku moja akiwa amesimama na kwaya, Jumapili inayofuata nafasi yake iwepo. Ushuhuda wa aliyepona usikike, na ushuhuda wa mama aliyedumu miaka kumi kwenye foleni ya dawa usikike pia.

Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi katika mwili.

Akianguka mbele yako

Tulia na uangalie saa. Ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, hasa moto, meza na mawe. Weka kitu laini chini ya kichwa, legeza tai au kola. Usimbane mikono na miguu. Usimwekee kijiko, kidole wala kitu chochote mdomoni, kwani hawezi kumeza ulimi wake, ila unaweza kumvunja meno au kumziba hewa. Usimmwagie maji, usimvutishe moshi, usimnyweshe chochote.

Mtetemeko ukipungua mgeuze alale ubavu ili mate yatoke. Kaa naye mpaka azinduke, umwambie kwa utulivu alipo na kilichotokea, na umfunike nguo iliyolowa. Mpeleke hospitali mara moja ikiwa mtetemeko umezidi dakika tano, ameanguka tena kabla ya kupata fahamu, ameumia, yuko mjamzito, ameangukia majini, au ni mara yake ya kwanza.

Kukemea kwa sauti hakumo kwenye orodha hiyo. Kama unataka kuomba, omba kimya huku mkono wako ukiwa chini ya kichwa chake.